Mlango wa Kijani

Alhamisi usiku

Na ningejifanya sikumsikia shangazi, lakini sauti yake ilijaa mtaa mzima.

Mimi mwamuzi wa riadha, niliyefanya kazi Doha, Tokyo na Paris bila kupotea hata siku moja! Sasa mbio za kimataifa zimekuja kwetu Mombasa, nikawaambia waamuzi wawili wageni wazime ramani za simu. Mji wa Kale ndiko nilikozaliwa.

Tulitoka Ngome ya Yesu kwenda kula, nikashika barabara ya Ndia Kuu kwa maringo. Alama yangu ya kukata kona tangu utotoni ni mlango wa kijani. Kumbe mwenyewe ameupaka buluu. Nikaupita. Nikaupita tena.

Mara ya tatu, shangazi akachungulia dirishani. "Zuhura! Wazungukia nini?"

"Shikamoo, shangazi! Nawaonyesha wageni mji."

"Mbona wawaonyesha dirisha langu tu?"

Akatuelekeza, tukala, alhamdulillahi. Ila kesho ni mimi nitakayewaonyesha wakimbiaji njia ya mbio.

Niliporudi nyumbani, mama alifungua kabla sijabisha.

"Umefika, mwanangu, ama wapita tu?"