Majoho Yaliyokatwa kwa Jicho

Nyumba ya nyuma ya kanisa,
Jumatatu asubuhi, nguo zikiwa kambani.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu tele katika Bwana. U hali gani huko, na mgongo je, umeacha kukusumbua? Watoto wanakula? Sisi tu wazima, ila mama mkwe anakohoa kidogo asubuhi, na akimaliza kukohoa anaanza kulalamika kwamba huandiki. Andika basi, masikio yangu yapumzike.

Najua unangoja habari za ndugu zako. Nilipokuandikia mara ya mwisho walikuwa hawasemezani, ingawa wanashonea chumba kimoja. Kaka yako, mume wangu huyu, alikuwa ametundika pazia katikati ya duka. Pasi ni moja, kwa hiyo aliyeihitaji alinituma mimi. Nilikwenda na kurudi na pasi ya moto kama mpatanishi, na upatanisho wenyewe sikuuona.

Kisha kanisa likaagiza majoho mapya ya kwaya. Mchungaji alisema kazi ni ya ndugu wote wawili. Mume wangu akaichukua yote. Shemeji, kitindamimba wenu, alimshauri kwa upole nyuma ya pazia, "Kaka, wapime kwanza." Thubutu! Alijibiwa kwamba fundi wa kweli hapimi, jicho lake ni futi tosha, na mtoto wa jana hawezi kumfundisha kushika mkasi.

Shemeji akaanza kufunga vitu vyake, akaniambia Jumapili ikipita atabeba cherehani yake aende mji mwingine. Wifi, nililia jikoni. Mama mkwe akagoma kula. Watoto wa tumbo moja watengane kwa sababu ya mkasi?

Jumamosi kwaya ikaja dukani kujaribu majoho. Laiti ungekuwapo! Mwalimu wa kwaya aliingia ndani ya lake akapotea, tukabaki kusikia sauti tu. Waimbaji wa besi, warefu wote wale, yaliwaishia magotini. Mke wa mchungaji, ambaye Mungu hakumpunja mwili, alikwama mikono ikiwa juu, na waliokuwa mlangoni wakadhani ameanza maombi, wakaitikia amina. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mume wangu hakucheka. Alisema kitambaa ni kibovu. Halafu akasema kwaya imenenepa makusudi. Mpanda ngazi hushuka, lakini huyu alitaka kushuka huku akilaumu ngazi.

Uvumilivu ukanishinda, nikamwambia mbele ya watu, "Baba watoto, Bwana wetu aliinama akaosha miguu ya wenzake. Wewe kufungua pazia tu kunakushinda?"

Nikajua usiku huo nitayajutia maneno yangu. Lakini yeye akalishika pazia, akalivuta mpaka kamba ikakatika.

Shemeji naye ni mwanakwaya. Kaka yake akamwomba avae joho lake, nalo likaburuta chini, maana lile jicho lilikuwa limemwona mrefu kuliko alivyo. Unajua kupiga magoti na kupima mapindo ni kazi aliyoachiwa mdogo siku zote. Siku hiyo mkubwa ndiye aliyepiga magoti miguuni pa mdogo wake, futi shingoni, pini mdomoni. Akazitoa pini mdomoni, akasema, "Ndugu yangu, nisamehe. Nilitaka wamsifu Mungu huku wakinitazama mimi."

Shemeji akafuta macho kwa mkono wa joho. "Nimekusamehe, kaka," akasema. "Ila kushoto bado kunaburuta. Pandisha kidogo."

Akapandisha! Wakafumua na kushona pamoja mpaka majoho yakakaa sawa.

Cherehani ya shemeji haijaenda popote. Mama mkwe anakusalimu. Anakula tena, tena anakula sana. Nisalimie mumeo, watoto, na jirani yako yule mwenye cheko. Bwana awatunze, awape usingizi mtamu na mioyo miepesi.

Ninapoandika hapa nawasikia ndugu zako dukani wakigombania vifungo, kwa sauti kubwa, uso kwa uso, nami namshukuru Mungu.

Wako akupendaye hata usipoandika,
Wifi yako.