Kiherehere na Upande wa Pili wa Mabati

Jumapili, 3 Machi

Binti yangu kaondoka asubuhi kurudi kazini kwake, mbali. Kaniachia mtoto wa mbwa ndani ya boksi la viatu. Eti baba, usikae peke yako kama mlinzi wa ghala.

Ana madoadoa, masikio makubwa kuliko akili. Nitamfunza mwenyewe. Nimefunza mafundi saba kuvika masofa vitambaa — mbwa atanishinda?

Jumanne, 5 Machi

Kanishinda. Nikisema "Kaa!" anaruka. Nikisema "Njoo!" anakimbilia chini ya meza. Kararua mto wa sofa la mwalimu mkuu, karakana nzima imejaa sponji. Nimefoka mpaka koo limekauka. Yeye kadhani ni mchezo! Jina kajitafutia mwenyewe: Kiherehere.

Jioni nimegundua kwamba kutwa nzima sijaongea na mwingine ila yeye.

Alhamisi, 7 Machi

Kachimba chini ya uzio wa mabati, kapita kwa kaka.

Nyumba ni ya wazazi. Tuliigawa katikati — kaka kule, mimi huku, ua tukaukata kwa mabati. Siku tuliyomzika mama, kaka aliniambia mbele ya watu: "Kuzika umewahi. Kuuguza ulichelewa." Na kweli nilichelewa. Lakini mbele ya watu! Huu mwaka wa tatu, hata salamu hakuna.

Sasa nimwiteje mbwa? Nikipaza sauti, kaka atasikia. Nimesimama pale na kamba mkononi kama mtu aliyesahau alichofuata. Mbwa karudi kwa hiari yake, anajilamba midomo.

Jumamosi, 9 Machi

Nimesikia kwa masikio yangu. Kaka anaongea! "Karibu, mgeni. Tulia... tulia... Haya, kula." Sauti ya chini, ileile aliyonibembelezea utotoni nilipoogopa radi.

Mkono mtupu haulambwi, nami siku zote nimekuwa nikifoka mkono mtupu. Mbwa aliporudi nikachukua kipande cha mkate, nikasema polepole: "Tulia." Akakaa! Makalio chini, macho kwangu. Nikacheka peke yangu mpaka machozi.

Halafu kicheko kikaisha. Miaka mitatu mimi sijapata hata neno. Mbwa, siku mbili tu, kakaribishwa.

Jumapili, 10 Machi

Nimeziba shimo kwa ubao. Wivu — naandika hivyo kwa kuwa hakuna wa kusoma.

Kiherehere kalia mchana kutwa. Upande wa pili nimesikia kikohozi, kisha hatua zikija mpaka kwenye mabati. Zikasimama. Nami nikasimama. Tukawa tunasikilizana pumzi, watu wazima wawili! Kisha zikarudi, mguu mmoja ukiburutwa.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeondoa ubao.

Alhamisi, 14 Machi

Kinyozi, wembe ukiwa shingoni mwangu: eti kaka yako anahama Jumamosi, anakwenda kukaa kwa mwanawe, tangu shemeji yako afariki hana wa kumsaidia na magoti yamegoma. Hukuambiwa?

Nikasema najua. Kinyozi akanitazama kwenye kioo, akafuta wembe.

Nimerudi nikaharibu kitambaa kizima cha mteja. Vipimo sahihi, mkasi ukaenda kwingine.

Ijumaa, 15 Machi

Nimefika mlangoni kwake mara mbili. Mara mbili nimerudi. Ningesema nini? Shikamoo, halafu?

Kiherehere kashinda huko. Namsikia kaka akimwambia mambo, sikuyapata yote. Nimepata moja tu: "Yule si mbaya. Ni mbishi kama wewe."

Jumamosi, 16 Machi

Lori limefika saa mbili. Wapakizi wanatoa vitu. Kiherehere kajibanza chini ya lori, hatoki, dereva anatukana. Nimeita, nimepiga magoti, nimeahidi nyama. Wapi!

Kaka katoka akiegemea fimbo. Kazeeka. Sikujua ni kiasi hiki — kumbe nyuma ya mabati huwezi kuona mvi za mtu. Kainama kidogo: "Tulia." Mbwa kimya. Kisha, bila kunitazama, kaniambia: "Mwite wewe. Sauti ya chini. Huyu hamsikii mtu anayefoka."

Nimeita kwa sauti ya chini. Kaja. Kakaa katikati yetu.

"Shikamoo, kaka," nimesema.

"Marahaba."

Basi. Ndipo wapakizi wakatoa kiti cha mama, kile alichokuwa akikalia siku za ugonjwa. Kitambaa kimechanika, springi nje, kimefungwa kamba ya katani. Nimesikia mdomo wangu ukisema: "Hiki hakiendi hivi."

Kaka akasema mama alikuwa akiuliza: "Fundi wangu atakuja lini kukishona?"

Nimekibeba mwenyewe mpaka karakana. Sindano ninayo, uzi ninao, lakini uzi haupiti tunduni. Naandika kidogo kwanza.

Dereva kaja mlangoni: fundi, dakika ngapi? Nimemwambia kiti hiki, kikishonwa sawasawa, kinataka siku mbili. Nimesema kwa nguvu, kaka asikie. Dereva kashika kichwa.

Honi inapiga. Kaka kaketi kwenye ngazi za mlango wangu, mbwa kajilaza miguuni pake. Honi tena — hajainuka.