Kipindi cha Dk. Kobelo

Morogoro, Jumanne usiku

Bado mikono yangu ni ya baridi, wala si kwa sababu ya ukungu ulioshuka kutoka milimani leo mchana kutwa.

Saa nane nilipita darasa la masoko. Tangu tumzike Dk. Kobelo kwao Matombo, kipindi chake hakina mwalimu, na mimi ndiye mkuu wa shule ya biashara hapa chuoni, kwa hiyo lawama ni yangu. Nilitarajia kukuta viti vitupu. Nikamsikia anafundisha.

Sauti yake ile ile, na kikohozi chake. Aliuliza kwa nini mteja humwacha muuzaji bila kumuaga, kisha akanyamaza. Binti mmoja akanyoosha mkono, akajibu.

"Vizuri sana," akasema Kobelo.

Nilishika mlango. Rehema, kiongozi wa darasa, akanifuata. "Shikamoo, Madam. Ni rekodi za wenzetu wa mwaka jana, tunamsikiliza kwenye spika. Mtihani umekaribia."

Nikashusha pumzi. Nikafungua mdomo niwaambie wazime, kwamba mwalimu mpya...

"Karibu ndani, Mama," ikasema spika. "Usisimame mlangoni."

Hakuna aliyecheka. Labda mwaka jana alimkaribisha mtu mwingine. Labda nilikuwa mimi. Nimejaribu kukumbuka jioni nzima, sikumbuki.

Sikuweza kuwaambia wazime. Nilivuta kiti cha nyuma nikakaa, nikamsikiliza mpaka akasema tutaonana wiki ijayo. Darasa zima likaitikia, na mimi nikaitikia.