Wamesema wanajaribu radar

Abigaïl, Hyacinthe ameniacha. Mchumba wangu ameniacha Uvira!

Juzi tulifunga radar juu ya ile boti ndogo ya matembezi ya patron wake, bosi anayemwajiri. Yeye anakaza buloni kwa spana, minye naishikilia kwa chini isianguke. Akasema, "Chérie, waasi wakikaribia, hii itatuvusha hata gizani, weye na minye, hadi Bujumbura."

Leo masasi ya waasi yamelia. Nikafika ufukweni na kifurushi changu. Akasema, "Ngoja kidogo, tunajaribu radar tu."

Nikangoja!

Mama yake alikuwa ndani ya boti, ameketi juu ya godoro. Abigaïl, nani anajaribu radar na godoro?

Boti ikaondoka, nikaiangalia ile radar nyeupe mpaka ikawa kama yai, kisha ikapotea.

Alisema inaona hadi Makobola, kule mbali. Minye nilikuwa hapa tu mchangani, napunga kitenge.