Gauni la Neema Dirishani

Neema mdogo wangu, sasa mke wa watu, hamjambo wewe na mwenzio?

Sisi bado tumefungiwa hotelini hapa Sanyuanli kwa ajili ya korona, mimi, shemeji yako na watoto. Wali unaachwa mlangoni. Ugali tunauota tu. Pazia lilidondoka, nikaomba jingine mapokezi, wakanijibu "mei you", yaani hakuna. Jua la Guangzhou halina adabu, basi nikatundika dirishani gauni la harusi uliloniagiza. Mizigo ilikwama, wewe ukaolewa umevaa la kuazima. Angalau huku limepata kazi.

Jengo la mbele kuna bibi wa Kichina, naye kafungiwa. Kila asubuhi analitazama gauni, halafu ananionyesha dole gumba. Jana nililishusha nilifue. Bibi akaja dirishani, akagonga kioo chake, kisha akakaa ameshika tama.

"Anadhani harusi imevunjika," akasema shemeji yako.

Nikalitundika tena, likichuruzika maji, mpaka bibi akainuka.

Mpendane, mle vizuri. Na ujue huku Guangzhou kuna mtu bado anaisubiri harusi yako.

Dada yako,
Mama Joshua