Waya Niliouunga Chatsworth

Kaka Hamisi,

Assalaam alaykum. Mguu unaendeleaje? Shemeji alinitumia ujumbe kwamba umeanza kuukanyagia bila fimbo, nikafurahi sana. Na mama, presha yake imetulia? Mimi sina homa wala kikohozi, ila moyo hauko sawa. Mara mbili nimekupigia simu nikusimulie, nikaishia kukuuliza habari za mvua. Ndiyo maana naandika.

Unajua nafanya kazi kwa Papa Kalo, yule fundi Mkongo anayetengeneza hita za maji. Mwezi uliopita alinituma Chatsworth, mtaa wa hapa Durban, kwa mwalimu mmoja mstaafu mwenye asili ya Kihindi na mkewe, Auntie Devi. Hita yao ni ya gesi, imefungwa ukutani bafuni. Ilikuwa inawaka vizuri dakika tano, sita, halafu inajizima. Ikipoa inawaka tena, kisha inajizima tena. Auntie alikuwa na baridi yabisi, vidole vimejikunja, na bila maji ya moto asubuhi hakuweza hata kushika kikombe.

Mara ya kwanza nilibadilisha betri za cheche na mtungi wa gesi. Mara ya pili nikasafisha vichomeo vyote kwa brashi na kufunga regyuleta mpya ya kupunguza presha ya gesi. Kila nikiondoka inafanya kazi, na kabla sijafika kwangu simu inalia: imezima.

Mara ya tatu nilikaa nayo na mita ya kupimia umeme mpaka nikagundua kinachoizima ni kidude kidogo kilicho juu, karibu na bomba la moshi. Kazi yake ni kuhisi joto. Moshi ukishindwa kutoka nje ukarudi ndani, kinakata gesi. Kaka, hilo nililijua. Nilipaswa kupanda juu ya paa nikatazame bomba. Mvua ilikuwa inanyesha, na ngazi sikuja nayo. Nikampigia Papa Kalo.

"Eh, petit, iko mara ya tatu sasa," akasema, maana huniita mdogo kwa Kifaransa chake. "Hawa watu banachoka. Panga hiyo kitu imalizike leo."

Nikajiambia kidude kimechakaa tu. Nikachomoa nyaya zake mbili, nikaziunga pamoja ili kisiweze tena kukata gesi, nikazungushia tepu. Hita ikawaka nusu saa bila kuzima. Auntie akapiga makofi, akanifungia samosa za kula njiani. Sikumwambia nilichofanya. Nilisema tu, "Imepona, Auntie."

Siku ya tatu asubuhi, mzee alikuwa nje anamwagilia mboga. Akaona mkewe amekawia bafuni. Dirisha walikuwa wamelifunga kwa sababu ya baridi. Aligonga, akaita, mwisho akavunja mlango. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshafariki.

Wakaguzi wa gesi walipanda juu ya paa. Ndege walikuwa wamejenga kiota ndani ya bomba, limeziba kabisa. Na ndani ya hita wakakuta nyaya zimeungwa. Sumu ya moshi wa gesi haina harufu wala rangi. Hita haikuwa na ubovu wowote, kaka. Kila ilipojizima ilikuwa inamlinda.

Papa Kalo akaniambia, "Tutasema ni wao wenyewe baligusa waya. Wewe enda Joburg, kaa kimya." Nilifungasha begi kweli. Nikafika mpaka stendi ya teksi za kwenda huko, nikasimama kwenye foleni, kisha nikatoka nikapanda ya Chatsworth.

Nyumba ilikuwa imejaa wafiwa. Nikamwambia mzee, mbele ya binti yake, kwamba waya niliuunga mimi. Binti alipiga ukelele, akanisukuma kifuani kwa mikono miwili. Mzee hakunigusa. Alikaa kitini.

"Siku zile mbili alikusifu kwa kila jirani," akasema. "Alisema hatimaye tumepata fundi."

Akanyoosha kidole mlangoni. "Sasa nenda ukawaambie polisi."

Nilikwenda. Nimeandika maelezo, pasipoti wameichukua, na nimeambiwa nisitoke Durban mpaka niitwe mahakamani. Wakili amesema wazi kwamba naweza kufungwa. Papa Kalo hapokei simu yangu.

Nisalimie shemeji, na shangazi Mwanaidi aliyetuuguza tukiwa wadogo, na binamu Juma wa karakana. Waambie nawakumbuka.

Kwa mama nakuomba jambo moja. Asije akayasikia haya kwa watu. Msomee wewe barua hii, mchana, akiwa amekaa na ameshakunywa dawa zake. Usipunguze kitu. Najua atatafuta namna ya kunitetea, atauliza kama mwanawe alijua hatari ya alichokifanya. Mwambie nilijua.

Mdogo wako anayehitaji dua zenu,
Saidi