Mfuko Wenye Jina Langu

Jumamosi, 7 Juni 2003
Boti imetoka gereji. Miaka yote hii hapa Uingereza, vumbi la mbao kwenye nguo zangu! Bibi mmoja ninayemwogesha kazini aliwahi kuniuliza kama mume wangu ni seremala. Nilisema ndiyo. Rahisi kuliko kueleza.
Mzee Pravin alikuja kutoka Stanmore na injini nyuma ya gari. Fundi mstaafu, mzaliwa wa Kisumu, anakunywa chai yangu kama yuko kwa dada yake. Akauliza kwa nini mume wangu Anselme anataka injini ndogo na kuukuu hivi kwa boti nzuri namna hii. Anselme akaendelea kukaza skrubu. Mimi najua. Ni aina ile ile iliyokuwa kwenye boti ya Gires, binamu yake.

Jumapili, 8 Juni
Baada ya ibada wameishusha mtoni, Erith. Ikiwa tupu inakimbia sana! Kwanza pua inapanda, halafu mwili wote unainuka juu ya maji na kuteleza. Pravin alipiga makofi. Anselme alirudi uso mkavu. Akasema tupu si kitu.

Jumatano, 11 Juni
Ukistaajabu ya Musa! Gereji imejaa mifuko ya mchanga. Kila mmoja kaupima kwa mizani yetu ya bafuni, kauandikia jina kwa rangi. Namba hakuandika. Kwetu watu hawahesabiwi, kuhesabu watu ni kuita kifo. Gires. Luc. Myriam mke wa Luc. Watoto wao. Kifuko kidogo cha mchele — Miradie wetu, alikuwa bado ananyonya. Na mmoja una jina langu.
Mwembamba kuliko nilivyofikiri. Nilisimama mbele yake, nikafunga mlango.
Ni sisi sote tuliokimbia vita Uvira mwaka wa tisini na sita, tukavuka ziwa kwa boti ya Gires. Mama yangu hayumo.

Jumamosi, 14 Juni
Leo amepakia mifuko yote. Boti imeinuka. Kwa shida, lakini imeinuka. Hata siku ile iliinuka.
Askari walikuwa wanashuka mlimani. Gires alisema mama akipanda boti haitainuka, italima maji tu, na tutapigwa risasi sote. Mama alikuwa ameshaingiza miguu majini, kanga ameikunja. Anselme ndiye aliyesukuma boti. Alimwambia tutarudi kumchukua.
Gires alifia Kigoma, hakuna wa kumuuliza. Matanga ya mama hatujafanya hadi leo. Nani alimwona amekufa?

Jumanne, 17 Juni
Tukiwa mezani Anselme ameuliza, macho kwenye sahani, mama alikuwa na kilo ngapi. Nikamwambia mama yangu si muhogo wa kwenda kwenye mizani. Miradie akauliza kwa Kiingereza tunagombania nini. Nikamwambia ale.
Sasa najitazama kwenye kioo. Mabega yale yale. Kiuno kile kile. Mkate wa Uingereza umenigeuza mama.

Ijumaa, 20 Juni
Nimemwambia asijaze mfuko mwingine. Nitakaa mimi mahali pa mama. Akaweka kikombe chini.
"Hapana, Mama Miradie. Maji iko baridi."
Nikamwambia hata yale yalikuwa baridi.
Ninataka nini lakini? Boti ikikataa kuinuka, basi Gires alisema kweli. Nitamlilia mama kama watu wanavyolilia wafu wao, na mume wangu nitamwacha apumzike. Ikiinuka — sijui. Naogopa hata kuandika.

Jumamosi, 21 Juni
Imeinuka.
Nilikaa nyuma, mfuko wenye jina langu ukiniegemea paja. Anselme alizungusha mkono wa injini hadi mwisho. Pua ikapanda, ikakwama hapo. Tulilima maji kwa muda mrefu, povu linaingia. Niliomba kwa sauti boti ikae chini. Mungu anisamehe, niliomba hivyo! Halafu ikaanza kupanda. Polepole. Kelele za maji zikapungua chini yetu, tukateleza.
Anselme alizima injini mwenyewe katikati ya mto. Hakugeuka kunitazama.
Ufukweni Mzee Pravin aliniita pembeni. "Mama, mwambie huyu bwana maji ya mto si kama ya ziwa. Na petroli ya siku hizi ni kali. Haiwezi kufanana na siku ile. Akisikia kutoka kwako ataamini." Nikamuuliza kama ni kweli. Akajishughulisha na kamba.
Sasa ni saa tatu usiku na jua bado lipo, nchi hii! Boti iko kwenye trela mbele ya nyumba. Anselme yumo ndani yake, amekaa katikati ya mifuko. Hajala. Miradie ameuliza baba anafanya nini mle. Nikasema anapumzika.
Maneno ya Pravin ninayo mdomoni. Nikiyasema atashuka, atanawa mikono, atakula. Nimefika mlangoni mara mbili, nikarudi kuandika. Kutoka hapa namwona, amejikunyata, na namhurumia, ni mume wangu. Lakini mama naye alisimama ndani ya maji akisubiri tumwite.